Imelda Hakuivaa Ngozi ya Chui

Kikosi cha skauti cha kanisa lile la mashariki ya Saint Paul kilikuwa kinakufa, na hakuna aliyejali sana. Kiongozi wake alinunua nyumba Champlin, akahamia huko na familia yake, akaahidi kwamba ataendelea kuja kila Jumanne jioni. Alikuja mara mbili. Mara ya tatu alipiga simu, na baada ya hapo hata simu hakupiga. Wavulana waliendelea kuja kwa sababu hakuna mtu mzima aliyewaambia wasije. Walikaa kwenye ngazi za kuteremkia chumba cha chini ya kanisa, wakisukumana na kurushiana kofia, mpaka wazazi waje kuwachukua.

Imelda Rwechungura alifika pale kama dereva tu. Ilikuwa vuli ya mwaka 1993. Rafiki yake Susan, nesi kutoka Kenya, alikuwa amepangiwa zamu ya jioni katika hospitali ya Maplewood ambako Imelda naye alifanya kazi, yeye upande wa maabara.

"Imelda, nisaidie leo tu," Susan alimwomba wakiwa kwenye korido. "Alvin ame-join hawa scouts, na mimi siwezi ku-drive hadi huko halafu nirudi job. Mshushe hapo kanisani, umchukue wakimaliza."

Alvin, mtoto wa pekee wa Susan, alikuwa na miaka kumi. Imelda alimshusha, akawaona wenzake kwenye ngazi, akauliza kiongozi yuko wapi. Wakainua mabega. Mvulana mmoja wa Kihmong, mtoto wa wakimbizi wa vita, mrefu kuliko wenzake, aliyeitwa Tou, akamjibu kwa upole, "Hatuna kiongozi, mama. Tunakaa tu."

Imelda alizima gari. Akafungua buti akatoa kamba aliyofungia godoro siku alipohama nyumba, akaikata vipande, akawapa kila mmoja chake.

"Nani anajua kufunga fundo lisilofunguka mtu akivutwa kutoka majini?"

Hakuna aliyejua. Walipokuja wazazi kuwachukua, watatu walikuwa wanajua, na wengine walikuwa wamekasirika kwa sababu muda ulikuwa umekwisha.

Kufunga mafundo Imelda alijifunzia Bukoba, kwenye shule ya sekondari ya masista, alipokuwa Girl Guide. Huko ndiko alikojifunza kuwasha moto kwa kuni mbichi wakati wa masika na kusimamisha hema lisilovuja. Sista aliyewafundisha alikuwa mkali kiasi kwamba msichana aliyesahau kung'arisha mkanda wake hakula chakula cha mchana. Mwaka 1984 Imelda alipata ufadhili akaja kusoma Saint Paul, akamaliza, akapata kazi, akaolewa na Gaudens, Mhaya mwenzake aliyekuja kwa njia hiyohiyo na sasa alikuwa mhasibu katika kampuni moja huko Eden Prairie. Walikuwa na binti mmoja, Wema, aliyeelewa kila neno la Kiswahili na kujibu kila neno kwa Kiingereza.

Jumanne iliyofuata Alvin angeweza kupelekwa na mama yake. Lakini Imelda ndiye aliyempeleka. Na iliyofuata pia.

Ilipofika Novemba, kamati ya kanisa iliyosimamia kikosi ikamwita. Mwenyekiti alikuwa mzee mmoja mstaafu wa reli, Verlyn, mtu wa mikono mikubwa na sauti ndogo, ambaye hakuwahi kumtazama mtu usoni akiwa na jambo zito la kusema. Siku hiyo alilitazama birika la kahawa.

"Tunakushukuru sana, Imelda," alisema. "Tungependa uendelee kutusaidia mpaka tupate mwanamume."

"Mmeanza kumtafuta lini?"

"Tangu Agosti."

"Basi endeleeni. Akija atanikuta. Ila msiniandike kaimu. Niandikeni kiongozi."

Wanakamati walitazamana. Sheria ya chama cha skauti ilikuwa imeruhusu wanawake kuongoza vikosi vya wavulana miaka michache tu nyuma, na pale kanisani hakuna aliyedhani sheria hiyo ingewafikia.

"Wavulana wanahitaji mwanamume wa kumwiga," Verlyn alisema, bado akiliangalia birika.

"Mwanamume wao amehamia Champlin," Imelda alimjibu. "Mimi nipo."

Wakamwandika kiongozi.

Nyumbani hakupigiwa makofi. Gaudens alilalamika kwamba Jumanne ndiyo siku ambayo maabara hutoa ovataimu, na kwamba sebule imejaa nguzo za mahema. Kwenye sherehe za Watanzania ilikuwa mbaya zaidi. Humphrey, aliyesimama na Gaudens kwenye harusi yake na aliyeona kwamba hilo linampa haki ya kusema lolote, alimuuliza mbele za watu, huku ameshika mguu wa kuku, "Shemeji, mtoto wa kiume huna. Sasa hao unaowachunga ni wa nani?"

"Nani kakuambia nawachunga? Nawafundisha. Na kama una nafasi ya kuzifuatilia Jumanne zangu hivyo, shemeji, njoo unibebee mahema."

Watu walicheka. Humphrey hakuja kubeba mahema, lakini hakuuliza tena.

Kikosi kikakua. Tou aliwaleta binamu zake. Susan aliwaambia manesi wenzake. Waliokuwa saba wakawa kumi na tano: Wahmong, Wazungu wa mitaa ile ya jirani, watoto wawili wa Kimeksiko, na Alvin. Wakati wa baridi Imelda alilala kwanza peke yake ndani ya hema nyuma ya nyumba yake, theluji ikiwa imefika kwenye madirisha, ili ajue mwili unavyojisikia kabla hajawapeleka watoto wa watu. Asubuhi Gaudens alimkuta jikoni ameshika kikombe kwa mikono miwili, kope zimeganda. "Inawezekana," alimwambia. Mwezi uliofuata akaenda nao msituni, wakarudi wote na vidole vyao vyote.

Katika kiangazi cha 1995 akawapeleka kwa mara ya kwanza kwenye kambi kubwa ya wiki nzima, kaskazini, kando ya ziwa. Sheria ilitaka watu wazima wawili kwa kila kikosi. Wazazi wengi walikuwa kazini, kwa hiyo Gaudens akachukua likizo, akanunua viatu vya kupandia milima ambavyo havikuwa saizi yake, akaenda. Wema aliachwa kwa Susan.

Siku za kwanza zilikwenda vizuri. Tou ndiye aliyekuwa kiongozi wa wavulana wenzake, na alilifanya jambo hilo kwa uzito wa mtu aliyekabidhiwa nchi. Alvin, aliyeogopa maji tangu alipokuwa mdogo, alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa kuogelea. Gaudens aliumwa na mbu sehemu ambazo hakutaka kuzitaja.

Jumatano wakiwa kwenye bwalo la chakula, mkurugenzi wa kambi akaja kwenye meza yao. Jina lake lilikuwa Duane, mtu wa kelele na furaha, aliyempiga kila mtu begani. Alikuwa na sanduku la karatasi mkononi.

"Kesho ni Usiku wa Safari," alisema. "Kila mwaka unafana. Lakini mwaka huu tuna bahati kubwa, tumepata mtu wa kweli!"

Akafungua sanduku, akatoa vazi la manyoya bandia lenye madoa ya chui, mkufu wa mifupa ya plastiki, na fimbo iliyochomekwa fuvu juu yake.

"Wewe utakuwa malkia wa kijiji," akamwambia Imelda. "Ngoma zinalia, unaingia, unasema maneno machache ya Kiafrika. Chochote kile, hakuna atakayejua. Halafu wenyeji wanamkamata mvulana mmoja na kumtia kwenye sufuria. Watoto huwa wanacheka mpaka wanalia."

Imelda alilitazama vazi lile. Hakuligusa.

"Mimi natoka Bukoba," alisema. "Kwetu tunapika ndizi."

Duane alicheka sana. Alipoona anacheka peke yake akapunguza. "Ni mchezo tu, Imelda."

"Nimesikia. Sitavaa."

"Basi fikiria mpaka kesho."

"Nimeshafikiria."

Duane alifunga sanduku lake, akampiga Gaudens begani, akaenda meza nyingine. Gaudens alikuwa ameinamia sahani.

"Mama Wema," alisema kwa Kiswahili, taratibu. "Zimebaki siku chache tu. Umekataa, basi. Tusikuze mambo."

"Sikuzi kitu. Nimekataa kuvaa ngozi, sijakataa kula. Nipitishie chumvi."

Na kwa kweli alidhani yamekwisha. Nia yake ilikuwa kukaa nyuma kabisa na vijana wake, kuvumilia upuuzi ule mpaka mwisho, kisha kwenda kulala. Lililobadilisha nia hiyo lilitokea Alhamisi alasiri.

Wafanyakazi wa kambi, vijana wa vyuoni, walipita kikosi hadi kikosi na makopo ya mkaa uliosagwa. Kila mvulana alitakiwa kujipaka usoni ili awe mwenyeji. Imelda alikuwa anakunja turubai nyuma ya hema, akamsikia mmoja wa vijana wale akifika kwa Alvin. Kijana yule alisimama, akakitazama kile kidole chake chenye mkaa, akautazama uso wa Alvin.

"Ah, wewe huhitaji," akasema.

Wavulana wakacheka. Wa vikosi vya jirani walicheka, na wawili wa kikosi chake mwenyewe walicheka. Alvin naye akacheka. Kicheko kile cha Alvin ndicho kilichomkata Imelda. Kilikuwa cha haraka mno, tayari kabisa, kama kwamba mtoto alishajua zamani kuwa siku ya kukitumia itafika.

Aliliacha turubai chini. Alimwambia kijana wa makopo, "Asante, kwetu basi," kwa sauti iliyomfanya aondoke bila kuuliza. Kisha akawaita vijana wake wote wakae chini, mbele ya mahema. Watano walikuwa wameshajipaka.

Hakumtaja Alvin. Hakuwauliza waliocheka kwa nini walicheka.

"Nitawaambia tulichofanya na mkaa kwetu," alisema. "Tulitia kwenye pasi. Pasi ya chuma, ina mlango kwa nyuma, unatia mkaa wa moto ndani. Kila Jumamosi nilinyooshea sare yangu ya skauti, kwa sababu sista akiona kunyanzi moja anakurudisha. Ilikuwa Afrika. Nilivaa skafu kama hiyo yako, Tou. Niliapa ahadi mliyoapa ninyi, nikiwa mdogo kuliko wengi wenu."

Akawatamkia ahadi ile kwa Kiswahili, yote, amesimama wima na vidole vitatu juu. Hawakuelewa maneno lakini walijua mahali inapopanda na inapoteremka, na kwenye maneno ya mwisho baadhi yao walikuwa wameinua vidole vyao.

"Leo jioni nakwenda pale kwenye moto nikiwa na sare yangu. Nikiona watu wanapikwa kwenye sufuria, ninaondoka. Simlazimishi mtu."

Tou akauliza, "Tukiondoka, watatufukuza?"

"Huenda."

Tou aliwatazama wenzake, akafikiri. "Kikosi kinakwenda pamoja," akasema. "Kinaondoka pamoja."

Mmoja wa wale wawili waliocheka alikuwa wa kwanza kwenda ziwani kunawa.

Jua la kiangazi huko kaskazini linachelewa kuzama, kwa hiyo mwanga ulikuwa bado upo walipofika kwenye uwanja wa moto. Watoto karibu mia tatu walikaa kwenye magogo yaliyopangwa kwa duara, nyuso nyeusi, wakipiga makelele. Kikosi cha Imelda kilikaa nyuma, sare zimechomekewa, nyuso zinang'aa kwa maji. Gaudens alikaa pembeni yao, tochi mkononi na chupa ya chai kwapani.

Ndoo zilipigwa kama ngoma. Duane mwenyewe akatokea msituni amevaa lile vazi la chui na wigi, akirukaruka na fimbo ya fuvu, akipayuka maneno yasiyo ya lugha yoyote. Watoto walimpenda. Nyuma yake vijana wawili walibeba pipa lililokatwa, ndiyo sufuria yenyewe. Akazunguka moto mara kadhaa, akasimama, akakinga mkono juu ya macho kana kwamba anatafuta mtu mbali.

"Yuko wapi malkia wetu?" alipiga kelele. "Tunaye malkia wa kweli kutoka Afrika! Ana haya! Msaidieni!"

Watoto wakaanza kupiga makofi kwa pamoja, polepole kisha haraka, nyuso zote zimegeuka nyuma.

Imelda akasimama. Makofi yakawa shangwe. Alisubiri mpaka yakaisha, na ilichukua muda, naye hakuonyesha kuwa na haraka.

"Ulitaka Kiafrika," alimwambia Duane. "Hiki hapa."

Akasema kwa Kiswahili, kwa sauti aliyofundishwa kwenye gwaride, sauti inayofika mwisho wa uwanja: "Jina langu ni Imelda Rwechungura. Mimi ni kiongozi wa skauti. Sili watu, na wala sichezewi."

Kisha, ili pasiwe na wa kusema hakuelewa, akarudia yote kwa Kiingereza, neno kwa neno.

Njia ya kutokea ilipita katikati, kati ya moto na magogo ya mbele. Hakukuwa na nyingine. Imelda aliifuata bila kukimbia, Tou nyuma yake, Alvin nyuma ya Tou, na wengine wote mmoja baada ya mwingine. Kuni zilisikika zikipasuka. Mtoto mmoja alianza kuzomea, akajikuta hana wa kumsaidia, akaacha. Gaudens alitoka wa mwisho. Alipompita Duane alisimama kidogo, kana kwamba anatafuta la kusema.

"Usiku mwema," alisema, akaendelea na safari.

Kambini kwao walichoma mahindi. Hakuna aliyelizungumzia jambo lile, ila walicheka sana kwa mambo madogo, na Gaudens aliwafundisha wimbo wa Kihaya wa kuchotea maji ambao waliuimba vibaya mno.

Asubuhi Duane alimwita ofisini. Furaha yote ilikuwa imemtoka.

"Umewaharibia watoto mia tatu jioni yao."

"Wangu ni kumi na watano, na jioni yao ilikuwa nzuri."

"Utaomba radhi kwenye gwaride la bendera saa sita mbele ya kambi nzima. Au mfungashe."

"Niombe radhi kwa lipi?"

"Kwa utovu wa adabu."

Imelda alivuta pumzi. "Sitaomba radhi," alisema, "na sitafungasha. Wiki ni yetu mpaka Jumamosi. Bendera tutasimama na wenzetu kama kila siku. Na nina mvulana ana mtihani wa kuogelea mchana."

"Nitampigia simu mwenyekiti wako."

"Mpigie. Ni mtu mzuri, atapokea."

Verlyn aliendesha gari kwa saa tatu nzima, akafika akiwa na kofia yake mkononi. Walikaa na Imelda kwenye benchi lililotazama ziwa. Kama kawaida yake alitazama pengine, safari hii mashua.

"Kwa nini usiseme tu samahani?" alimuuliza. "Hapa ndivyo tunavyoishi, Imelda. Mtu akikanyagwa husema samahani yeye."

"Mimi nikikanyagwa nasema umenikanyaga."

"Haigharimu kitu."

"Inamgharimu Alvin."

Huko majini Alvin alikuwa anaogelea mzunguko wa mwisho wa mtihani wake, kichwa juu mno, mikono ikipiga maji kama mtu anayefua, Tou akimfuata kwenye mtumbwi na kumpigia kelele za kumtia moyo. Alipoushika ukingo wa gati kikosi kizima kililia kwa furaha. Verlyn aliinuka, akatembea mpaka gatini, akachuchumaa kwa shida, akamwuliza mtoto kitu. Alvin alimjibu huku meno yanagongana kwa baridi. Walizungumza kidogo tu. Kisha Verlyn akavaa kofia yake, akaenda ofisini kwa Duane, akafunga mlango.

Alichosema mle hakukisimulia kamwe. Alipotoka alimwambia Imelda kwamba kikosi kitabaki hadi Jumamosi.

"Lakini mimi ningefanya kwa njia nyingine," akaongeza.

"Najua," Imelda alisema. "Kwa njia yako, mwakani sufuria ingekuwepo tena."

Aliumia, mzee yule. Ilionekana. Imelda alimwona akielekea kwenye gari lake na hakumwita arudi.

Jumamosi walipofika kanisani, Susan alikuwa anasubiri kwenye maegesho na Wema kando yake. Hakungoja hata mizigo ishuke.

"Imelda, mimi nilikupa mtoto umpeleke camp. Sikukutuma vita! Nimepigiwa simu nikiwa job, eti kuna fujo, eti watoto wanaweza kufukuzwa. Sisi ni wageni hapa! Wewe ukishagombana na hawa watu unaenda kwako unalala, halafu ni nani atabaki aki-suffer? Ni Alvin!"

Imelda alikuwa amechoka na ananuka moshi. "Muulize Alvin," alisema.

Alvin alikuwa anakwaruza uchafu kwenye mlango wa gari kwa ukucha. Alimjibu mama yake kwa Kiingereza, haraka, bila kuinua macho. Walikuwa wanampaka kila mtu mkaa, alisema. Wakasema yeye hahitaji. Kila mtu akacheka.

"Na mimi nikacheka," akamalizia.

Susan alisimama pale. Mkono wake ulikuwa hewani, kana kwamba alikuwa na neno jingine la kusema nao, kisha ukashuka. "Ingia kwa gari," alimwambia mwanawe kwa sauti ya chini. Wiki nzima kazini yeye na Imelda walipishana kwenye korido kama watu wasiojuana.

Septemba kamati ikakutana kujadili kama Imelda aendelee. Familia tatu zilikuwa zimewaondoa watoto wao. Zilisema ameingiza siasa kwenye mambo ya watoto. Mjumbe mmoja alitangaza kwa furaha kwamba hatimaye amepatikana mwanamume aliye tayari kukichukua kikosi.

Imelda alicheka, na hakuweza kujizuia. "Kikosi kilipokuwa kinakaa kwenye ngazi hakupatikana. Leo kina vijana na mahema, kapatikana! Karibu sana. Nahitaji msaidizi. Mahema mawili yamechanika, aje na sindano."

Ndipo mlango ukafunguliwa na Susan akaingia na sare yake ya kazi, ameomba ruhusa katikati ya zamu. Hakukaa. Aliongea Kiingereza chake cha Nyeri, taratibu, ili kila neno lifike.

"Mimi nilimkasirikia huyu mama," alisema. "Nilitaka anyamaze, kwa sababu mimi nimenyamaza hapa miaka tisa. Mtoto wangu amejifunza kwangu kucheka akichekwa. Kwa huyu amejifunza kusimama. Mkimtoa yeye, mmemtoa Alvin. Sina lingine."

Akatoka, kwa sababu wagonjwa walikuwa wanamsubiri.

Walipiga kura kwa mikono. Imelda alibaki kwa kura moja. Verlyn hakuinua mkono upande wowote. Yule mwanamume aliyepatikana alialikwa rasmi kuwa msaidizi, na hakuja.

Kambi ile haikumwomba mtu radhi. Mwaka uliofuata Imelda alipopiga simu kuandikisha kikosi aliambiwa nafasi zimejaa, na mwaka wa pili yake akaambiwa hivyohivyo. Hakupiga mara ya tatu. Aliwapeleka vijana wake kando ya mto St. Croix, wakapiga kambi yao wenyewe, wakajipangia mitihani yao, na Gaudens, ambaye sasa alikuwa na viatu vya saizi yake, ndiye aliyepika. Alisikia kwamba Usiku wa Safari uliendelea huko kaskazini miaka miwili zaidi. Alipoambiwa alisema, "Waendelee. Hawatanipata mimi wala wangu."

Si wote waliobaki. Alvin alipofika miaka kumi na minne aliacha skauti akaenda kucheza mpira wa kikapu. Susan alitaka kumlazimisha, Imelda akamkataza. Wale wawili waliocheka siku ile, mmoja aliacha, mwingine alibaki mpaka alipomaliza sekondari.

Tou aliipata beji ya tai, ile ya juu kabisa, mwaka 1998. Sherehe ilifanyika kwenye ukumbi wa kanisa uliojaa Wahmong kutoka kila pembe ya mji, bibi na shangazi wamevaa nguo zao za sarafu zinazolia wakitembea. Mgeni rasmi alikuja kutoka ngazi ya juu ya chama cha skauti, na pamoja naye kijana mmoja nadhifu wa kupanga watu mahali pa kukaa. Imelda alipopanda ngazi ya jukwaa kijana yule alimzuia kwa tabasamu, akamwonyesha viti vya chini.

"Wazazi na wageni wanakaa kule, mama. Hapa juu ni viongozi."

Alikuwa amevaa sare kamili. Alijitazama kifuani, ambako cheo chake kilikuwa kimeshonwa, akamtazama kijana.

"Soma," akamwambia.

Kijana alisoma, akawa mwekundu, akaanza kueleza kwamba viti vya jukwaani vimekwisha, kwamba hawakutarajia. Imelda hakusubiri amalize. Alishuka, akachukua kiti kwenye safu ya kwanza, akakibeba mwenyewe mpaka juu, akakiweka katikati, kati ya mgeni rasmi na Tou, akakaa.